Michoro ya viumbe vinavyomeza watu: Lubumbashi isikimbilie kulaani

Joka lenye tumbo kubwa, na ndani yake mtu mzima akionekana kama aliyelala. Mwanamke mwenye mkia wa nyoka, kinywa wazi, akimshusha mwanaume kooni taratibu. Michoro ya aina hii inapatikana leo kwa urahisi katika simu yoyote yenye megabaiti chache, Lubumbashi kama kwingineko duniani. Wenye kuichora na kuipenda huiita vore, neno lililotokana na Kilatini lenye maana ya kumeza. Kwa baadhi ya watu wazima, mchoro wa namna hiyo ni hadithi ya kutisha tu. Kwa wengine unaamsha tamaa ya mwili, na hawaifichi.

Mzazi anayeikuta katika simu ya mwanawe hushtuka, na ni haki yake. Hatari inaanza pale mshtuko huo unapogeuka hukumu. Katika mji ambamo kijana anayechora kichwa cha shetani kwenye daftari la hesabu anaweza kupelekwa kwa mchungaji usiku huohuo, michoro ya kumeza watu haichukui muda kuitwa ushahidi wa uchawi. Kabla ya kufika huko, inafaa wakaaji wa Lubumbashi wakumbuke kwamba kiumbe anayemeza watu si mgeni hapa. Amekaa ndani ya nyumba zao kwa miaka mingi, akiwa ametundikwa ukutani.

Jina lake ni Mamba Muntu. Katika miaka ya 1970 ilikuwa vigumu kuingia katika nyumba za Kenya, Katuba au Kamalondo usimkute sebuleni: mwanamke mweupe wa sura, nywele ndefu, saa mkononi, mkufu shingoni, nyoka kandoni, na kuanzia kiunoni kushuka ni samaki. Mafundi walimchora kwenye kitambaa cha mifuko ya unga na kumuuza mlango kwa mlango. Kila mtu alijua masharti yake. Anayepata unywele wake atamwona ndotoni, na akikubali maneno yake atatajirika. Lakini lazima afunge mdomo, na mwisho wa hesabu anaweza kudaiwa uhai wa mtu wa nyumbani kwake.

Mafundi hao walikuwa na elimu yao ya viumbe. Jina linasema mamba, lakini mkia ni wa samaki. Anaishi chini ya maji, lakini saa yake haiharibiki. Ana mwili wa kutamanika, na kwa sababu hiyohiyo anaua. Hakuna aliyewauliza mafundi anapumuaje, kwa sababu kila mnunuzi alielewa mchoro unazungumzia nini: pesa inayokuja ghafla, na bei yake.

Wachoraji wa leo wa vore wamekwenda mbali zaidi katika kubuni mwili wa kiumbe. Wanaamua koo litanuka kiasi gani, tumbo litakuwa na vyumba vingapi, aliyemezwa atapata wapi hewa, na kama atatoka salama. Ukilinganisha na maumbile ya kweli, tofauti ni kubwa. Chatu, ambaye wakulima wa Katanga wanamjua, hameguki taya kama wengi wanavyodhani. Mifupa miwili ya taya lake la chini haikuungana mbele. Imeshikwa na mishipa inayovutika. Meno yake yameelekea nyuma, na anapomeza husogeza mdomo wa bomba la hewa pembeni ili aendelee kupumua. Kwa chatu wa Asia, moyo wenyewe umepimwa ukikua kwa karibu asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya mlo mkubwa. Mamba, kwa upande wake, hawezi kutafuna. Hushika, hujizungusha majini na kukata vipande.

Mtu kumezwa mzima ni jambo adimu sana, kwa sababu mabega yake ni mapana. Limetokea Sulawesi, Indonesia, mwaka 2017 na tena 2018, na mara zote mbili aliyetolewa tumboni alikuwa maiti. Kwa hiyo tumbo ambamo mtu anakaa akipumua na kuongea ni kazi ya mawazo tupu, na anayelichora anajua hivyo.

Mawazo hayo ni ya zamani. Wasukuma wa Tanzania wanasimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote wa nchi, hadi kijana Masala Kulangwa alipoliua na kulipasua, watu wakatoka. Zanzibar ilikuwa na Nunda, ambaye hadithi yake ilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Nunda alianza akiwa paka wa sultani. Alipokula ndama na mbuzi, sultani alimtetea kwa sababu paka ni wake na mifugo ni yake. Alipoanza kula watu, akamtetea tena. Alizinduka tu siku paka huyo alipowala watoto wake mwenyewe.

Msomaji wa Katanga hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Hapa kumeza ni lugha ya kila siku ya siasa na ya msiba. Kiongozi anakula pesa ya barabara. Marehemu aliyefariki ghafla, watu wa matanga wananong'ona: balimukula. Wakati wa ukoloni, wafanyakazi wa Élisabethville waliogopa mitumbula na Simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya, ambao walisemwa kuwateka watu weusi usiku na kuwala. Wazungu walicheka wakiita huo ushamba. Lakini ni katika mji huohuo ambapo tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai mshahara, wakaua makumi. Miaka zaidi ya 30 baadaye, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu aliichora siku hiyo. Na tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka na kuua wachimbaji wadogo zaidi ya 40. Waliosema kwamba shimo limewameza hawakutunga hadithi.

Wapo watakaojibu kwamba Mamba Muntu ni wetu, lakini michoro ya simu imetoka Marekani na Japani, na tamaa iliyo ndani yake si ya hapa. Hoja hiyo ina udhaifu. Mami Wata wa Afrika Magharibi, dada yake Mamba Muntu, alipata sura yake ya nyoka mabegani kutoka kwa picha ya mwanamke mcheza na nyoka iliyochapishwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Picha hiyo ilivuka bahari kama tangazo la maonyesho, watu wakaipokea na kuipa maana yao. Na kuhusu tamaa, hakuna aliyetundika Mamba Muntu sebuleni bila kujua kwamba ni mwanamke asiye na nguo.

Tofauti ya kweli iko mahali pengine. Mamba Muntu alikaa mbele ya wageni, baba aliulizwa habari zake, mtoto alisikia onyo lililofungwa ndani ya mchoro. Mchoro wa simu unaangaliwa peke yako, usiku, bila mtu wa kuuliza. Hapo ndipo wazazi wana kazi, na kazi hiyo haifanywi kwa fimbo wala kwa mafuta ya upako.

Mipaka iwepo, na iwe wazi. Mtu mzima na ndoto zake, zisizomdhuru mtu, ni mambo yake. Michoro ya tamaa haiwahusu watoto, si kama watazamaji, wala kama wahusika ndani yake. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu picha za ngono zinazohusu watoto, na hapo hakuna mjadala. Lakini sheria hiyohiyo inaadhibu pia kumsingizia mtoto uchawi, na Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza jambo hilo. Mzazi anayemtoa kijana nyumbani kwa sababu ya daftari la mazimwi ndiye anayevunja sheria, siyo kijana.

Lipo pia swali ambalo mji unapaswa kujiuliza wenyewe. Kijana wa Katuba anayetaka kujua babu zake walivyochora kinywa, meno na tumbo, aende wapi? Historia ya nchi aliyoichora Tshibumba kwa picha 101 katika miaka ya 1973 na 1974 iko katika jumba la makumbusho la Amsterdam. Karibu michoro 2,000 ya kienyeji iliyokusanywa na Bogumil Jewsiewicki ilinunuliwa mwaka 2013 na jumba la Tervuren, Ubelgiji. Ili aione kwa macho yake, kijana huyo anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Joka la Japani anahitaji kulibonyeza tu.

Mji huu hauna upungufu wa nyumba za sanaa. Tangu 1946, Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana yake ya Le Hangar, Lubumbashi imetoa wachoraji kama Pilipili Mulongoy, aliyewafanya nyoka, mamba na samaki wawindane juu ya karatasi kwa uzuri usiosahaulika. Chuo cha Beaux-Arts kipo. Jumba la Makumbusho lipo. Biennale iliyoanzishwa na Picha mwaka 2008 ipo. Taasisi hizi zinaweza kudai nakala nzuri za michoro iliyo Ulaya, zikazitundika katika shule za Kenya na Katuba, na kuwaita mafundi wazee waliobaki waeleze kwa nini Mamba Muntu alivaa saa.

Kijana anayechora tumbo lenye mtu ndani amekwisha kuanza kuuliza nani anakula nani. Katika mji wa shaba na kobalti, ni swali zuri. Akae mezani na fundi mzee wamjibu wote wawili, na daftari lake lisichomwe.