Hofu ya Bei Rahisi

Wako ndugu zetu, hasa wale waliosoma, wanaomcheka mfanyakazi atokaye bandarini jioni akaenda katika vibanda umiza kutazama mizuka na wafu wafufukao. Husema kwamba picha hizo ni za bei rahisi, damu yake ni rangi, na mizuka yake ni watu waliopakwa unga. Ni kweli. Lakini urahisi si aibu.

Mwaka 1957 ilitoka Italia picha iitwayo I Vampiri. Mwongozaji wake, Riccardo Freda, aliiacha kabla haijakwisha. Mpiga picha wake, Mario Bava, akaimaliza kwa siku mbili. Fedha zilikuwa haba. Ilipotakiwa mwanamke kijana azeeke mbele ya watazamaji, makunyanzi yalichorwa usoni pake kwa rangi, naye akamulikwa kwa taa ya rangi ile ile yasionekane. Kisha taa ikabadilishwa, na uzee ukajitokeza bila picha kukatwa. Fundi yeyote wa Ngamiani ataiheshimu kazi hiyo. Mwaka 1960 Bava alitoa La maschera del demonio, ambayo Waingereza hawakuiruhusu kwao hata mwaka 1968. Na mwaka 1979 Lucio Fulci, katika Zombi 2, alimpiganisha maiti na papa wa kweli chini ya bahari. Wavuvi wetu wa Deep Sea wangecheka sana, kisha wangetaka kuiona tena.

Kwetu nako, katika miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta kwa kamera ya video na fedha kidogo, nazo zikapendwa. Hatustaajabu. Mtu wa pwani hakujifunza majini katika sinema. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii, alitupa Adili na Nduguze, ambamo mtu mwema analazimishwa na jini kuwapiga nyani wawili mijeledi kila usiku, nao ni ndugu zake wa tumbo moja. Hofu ile ina maana: twaogopa, na papo hapo twajiuliza juu ya husuda na msamaha.

Basi ubaya uko wapi? Mchawi wa Bava alikufa miaka mia mbili kabla ya kisa kuanza, naye hukaa katika ngome ya ugenini. Hapana atokaye kibandani akamtafute mtaani. Lakini katika picha zetu nyingi mchawi ni bibi kikongwe wa nyumba ya pili. Nchi hii imekwisha kuona matokeo ya hofu yenye anwani. Mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipotoka Pemba ukafika Unguja, mtu mgonjwa wa akili aliuawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Huko Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo ni moshi wa jikoni tu. Hatusemi kwamba filamu ndizo zilizoua. Twasema zinampaka rangi yule yule ambaye wauaji wamekwisha kumchagua. (Na jina la Tanga limechoka kuwa mzaha wa uchawi midomoni mwa watu wa Dar es Salaam.)

Sheria ya filamu ya mwaka 1976 iliweka Bodi ya kukagua picha. Twaitaka Bodi, kabla ya kupima urefu wa sketi, itazame ni nani anayenyooshewa kidole. Na vijana wenye kamera, wasikimbilie jiko la kikongwe. Mapango ya Amboni yapo, na giza lake halitozi mshahara. Makaburi ya nguzo ya Tongoni yapo, magofu yanayoitazama bahari. Watutishe huko mpaka tushindwe kurudi nyumbani peke yetu, na matawi ya Chama yawape kumbi za kuonyeshea.