Gari la Jamaa: Tazama Mafuta Kabla ya Rangi

Nyumba yenye watoto wengi hupenda gari kubwa la kwenda juu, lenye nafasi ya mizigo na lisiloshindwa na barabara mbovu. Mengi ya magari hayo yalitumika kwanza Japani, na sasa huuzwa huku mara ya pili au ya tatu. Mnunuzi hutazama rangi na viti, ilhali ugonjwa wa gari hukaa ndani ya mafuta na maji yake. Kwa kuwa hapa pana akiba ya miaka mingi, na pia roho za watu, yafaa tujue magonjwa matatu yaliyo mashuhuri.

La kwanza ni injini kula oili. Toyota RAV4 za 2006 hadi 2008 zenye injini ya lita 2.4 zimejulikana kwa ila hii. Ringi za pistoni hushindwa kuizuia oili, ikapanda na kuungua pamoja na petroli. Gari halivuji hata tone, nayo oili inakwisha. Asiyepima hushtukia injini imekwisha kuharibika.

La pili ni gia. Nissan X-Trail nyingi zilizotengenezwa tangu 2007 hazina gia za meno za kawaida, bali mkanda wa chuma unaozunguka baina ya kapi mbili zinazobana na kupanuka. Adui zake ni joto na mafuta yaliyochakaa. Tena gia hizi zina mafuta yake maalumu. Fundi akitia mengine huziharibu. Dalili ni gari kutetemeka linapoondoka, au injini kunguruma na mwendo usiongezeke.

La tatu ni gasketi ya silinda hedi, ambayo imewasumbua wengi wenye Subaru Forester za zamani za lita 2.5. Maji hupungua, joto hupanda, na oili huchuruzika ubavuni mwa injini.

Basi, likute gari likiwa baridi. Pima oili na maji, kisha liendeshe nusu saa, ulipandishe na mlima, kwani dakika tano za barabara tambarare hazitoshi. Fuatana na fundi uliyemchagua mwenyewe, wala usitumie fedha zote katika kununua. Weka za matengenezo.

Naye muuzaji anayeijua ila ya gari lake na aiseme, maana akiificha huwatia hatarini watoto wa mwenziwe.

Na kijana anayekabidhiwa ufunguo akabidhiwe na kazi hii: kila Jumamosi asubuhi, kabla injini haijawashwa, apime oili na maji, aandike katika daftari. Siku ya kuliuza gari hilo, mnunuzi apewe daftari alisome.