Maigizo baa Sumbawanga: nani ataingia, nani atabaki nje?

Baridi ya Ufipa mnaijua, sina haja ya kuisimulia. Leo nina habari ya baa, ila sio ya bia.

Vijana sita wa mtaani kwetu, wanne wa kiume na wawili wa kike, wanajiandaa kuonyesha michezo mitatu ya kuigiza kwenye chumba cha nyuma cha baa moja hapa mjini. Mwenye baa amewapa Jumatano tatu, siku ambazo wateja ni wa kuhesabu. Sharti lake fupi: vinywaji vikitoka mnaendelea, visipotoka tusilaumiane. Nimehudhuria mazoezi yao mara mbili, nikaona bora niseme mapema kuliko kuja kulaumu baadaye.

Mchezo wa kwanza ni wa lumbesa. Mkulima wa Laela ana mahindi yake, mnunuzi anataka gunia lijazwe mpaka liote kichwa kingine. Hapo kicheko kipo, maana kila mtu humu ana mjomba aliyelizwa hivyo. Wa tatu ni kipande cha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Mi naona huo utawatesa: maneno mazito, watu sita tu, na nje mpira unaonyeshwa.

Wenyewe ni wa pili. Bibi anasingiziwa uchawi na wajukuu wanaolitaka shamba lake. Basi. Hamna jini wala tunguri jukwaani. Jamani, jina Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi", lakini ukijitambulisha Dar kwamba umetoka huku, mtu anasogeza kiti. Nchi nzima inatutania, na sisi tunacheka nao. Wakati huohuo vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo mikoa mbalimbali. Mchezo huu tukiuandika sisi, bibi anakuwa mtu. Akituandikia mwingine, tunabaki kichekesho.

Sasa, kuna wanaosema baa sio mahali pa sanaa. Wamesahau historia. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya Dar kama Muungano ya Norbert Chenga, na baadaye TOT iliyoanzishwa na CCM mwaka 1992, vilijaza kumbi za baa: ngoma, taarabu, sarakasi na maigizo, yote usiku mmoja. Watu walilipa kiingilio. Baadaye televisheni na kanda za video zikahamishia maigizo sebuleni, na kumbi zikapoa. Kosa halikuwa la baa.

Hata Uingereza wameanzia hukohuko. King's Head ya London ilianza mwaka 1970, Dan Crawford alipogeuza chumba cha nyuma cha baa kuwa jukwaa. Walikaa humo zaidi ya miaka 50, na mwaka 2024 ndipo wakahamia ukumbi wao mpya hapohapo jirani. Na sisi Wafipa sio wageni wa kusimulia: Roy Willis alichapisha mwaka 1978 kitabu kizima kuhusu sanaa yetu ya masimulizi.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na baa. Wasiwasi wangu ni mlango wake. Mmoja wa wale mabinti ndiye anayecheza bibi, na anacheza mpaka mwili unasisimka. Wiki iliyopita baba yake kamwambia: binti yangu haonekani baa usiku, hata kama anaigiza. Tusimcheke mzee. Anajua majirani watasema nini, na anajua mlevi wa saa 4 usiku anavyoshika watu mikono. Binti akitoka, mchezo wa bibi umekufa. Na hata asipotoka, nani atauona? Wanaume wenye hela ya bia. Mabibi wenyewe, akina mama wa sokoni na wanafunzi watabaki nje. Tutakuwa tumewahubiria wale wachache tu, tena wamelewa.

Pendekezo langu ni hili. Lumbesa na Kinjeketile zibaki Jumatano usiku kama mwenye baa alivyotaka. Mchezo wa bibi uhamishiwe Jumapili saa 9 alasiri, chumba kilekile, soda tu, kiingilio kidogo, mama aje na wanawe. Mwenye baa hapati hasara, maana muda huo viti vyake viko wazi. Baba wa binti aalikwe kiti cha mbele. Na kibali kifuatiliwe mapema kwa afisa utamaduni wa Manispaa, kwani Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 bado ina meno. Msije mkafungiwa siku ya kwanza kwa karatasi moja.

Nimewaeleza vijana. Wanne wamekubali, wawili wanasema nataka kuwageuza kwaya ya kanisa. Mwenye baa bado anapiga hesabu ya soda.

Nyie mnaonaje? Na wewe uliyeko Namanyere au Matai, ungepanda gari Jumapili kuja kuuona? Jibu kwa ukweli, sio kwa adabu.

Naomba kuwasilisha.