Uvumba na Chembe za Saratani

Mwanafunzi mmoja wa Garissa ametuletea swali. Nyanya yake chakula chamkwama kooni, na jamaa wanamshikilia atafune uvumba kwani wamesikia kuwa wanasayansi wamegundua unaua kansa. Je, ni kweli?

Swali zuri, mwanangu. Ukweli upo, ila ni mdogo kuliko uvumi.

Uvumba wa kwenu ni utomvu wa miti ya jamii ya Boswellia, inayoota katika nyika za Garissa, Wajir na Mandera. Ndani yake mna asidi ambazo, zikitiwa kwenye chembe za saratani katika kisahani cha maabara, chembe hizo huacha kugawanyika na nyingine hujiua zenyewe. Lakini kisahani si mwili. Hata ukitia Jik humo chembe zitakufa, na hakuna atakayekushauri uinywe! Isitoshe, asidi hizo hupenya kwa shida kutoka tumboni hadi kwenye damu.

Mnamo 2011 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 44 wenye saratani kichwani waliokuwa wakitibiwa kwa miale. Wengi wa waliomeza dawa ya uvumba wa India walipungukiwa na maji yaliyojaa ubongoni. Maji, wala si saratani yenyewe.

Haya si kusema kwamba miti yetu haina dawa, la hasha. Mwaka wa 1976 taasisi ya saratani ya Marekani ilivuna zaidi ya tani 27 za mmea uitwao Maytenus buchananii huko Shimba Hills, Kwale. Mmea huo una maitansini, sumu inayozuia nyuzi ambazo chembe huzitumia kujigawa. Wagonjwa walipopewa, iliwadhuru mno, ikaachwa. Ni hadi 2013 ambapo dawa iliyotokana na sumu hiyo ilipata kibali Marekani, ikiwa imefungwa kwenye kingamwili inayoibeba moja kwa moja hadi kwenye chembe za aina fulani ya saratani ya matiti. Hebu hesabu: miaka 37 tangu mavuno yale ya Kwale! Mtu akikuambia yeye ameimaliza kazi hiyo kwa kijiko cha unga wa uvumba, muulize alimpima nani.

Sasa turudi kwa nyanya. Chakula kukwama ni mojawapo ya dalili za saratani ya umio, ugonjwa unaosumbua sana nchini. Huenda si hiyo, lakini ni daktari atakayejua, kwa kumtazama umio kwa mrija wenye kamera. Anzeni na hospitali ya rufaa ya kaunti, papo hapo Garissa. Uvumba wa kufukiza nyumba msimnyime. Ule anaotafuna, mtajieni daktari, maana dawa za miti shamba zaweza kugongana na za hospitali. Na kama alianza kwa kushindwa na nyama na sasa hata uji unamsumbua, msingoje gazeti la Jumapili ijayo. Mpelekeni kesho asubuhi.