Fizikia Si Chaki Tu

Ukimwambia mtu mtaani unasoma fizikia, jibu liko mdomoni: "Kumbe utakuwa mwalimu!" Ualimu ni kazi ya heshima, hatubishi. Ila wenzetu wengi wanamaliza digrii bila kusikia kwamba hata hospitali inawahitaji.

Chukua mashine ya kobalti inayotibu saratani. Nguvu ya mionzi yake hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, na baada ya miaka 5 na ushee hubaki nusu. Kwa hiyo dozi ileile inadai muda mrefu zaidi kadiri miezi inavyopita. Daktari ndiye anayeamua dozi. Anayepima mashine na kuhakikisha kwamba dozi hiyo ndiyo inayomfikia mgonjwa ni mwanafizikia tiba.

Na huku ukikosea hakuna sapu. Mwaka 1988 huko Exeter, Uingereza, chanzo kipya cha kobalti kilipimwa vibaya. Wagonjwa 207 wakapigwa mionzi iliyozidi kwa asilimia 25 hivi kabla kosa halijagundulika. Ndiyo maana mwanafizikia mmoja kwa hospitali nzima hatoshi. Lazima awepo wa pili, apime upya kwa mkono wake bila kunakili majibu ya mwenzake.

Sasa huyo wa pili atatoka wapi? Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linataka mtu awe na digrii ya fizikia au fani inayofanana nayo, kisha uzamili, kisha angalau miaka 2 ya mafunzo hospitalini chini ya msimamizi. Hapo kwenye miaka 2 ndipo penye mtihani. Daktari akimaliza chuo anakwenda intenshipu na kupewa posho. Mtoto wa mkulima aliyesoma fizikia kwa bumu atakaaje wodini miaka 2 mfukoni hana kitu? Ataingia darasani kufundisha, au atafungua duka la simu, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Ninachosema ni hiki: kila bajeti ya mashine mpya ya mionzi iwe na fungu la posho kwa wanafizikia wanaojifunza kuitumia. Mashine huagizwa na kufika baada ya miezi. Mtu wa kuipima huchukua miaka, na mgonjwa hawezi kumsubiri.