Zabibu ipimwe sukari, si uzito pekee

KILA msimu wa zabibu unapofika mkoani Dodoma, kilio cha wakulima huwa ni kile kile: bei ndogo. Wanunuzi nao hulalamikia ubora. Katika mabishano hayo yupo shahidi mmoja ambaye hakuna anayemsikiliza, naye ni hamira.

Hamira ni chembe hai ndogo sana zinazogeuza mchuzi wa zabibu kuwa mvinyo. Kila chembe ina vinasaba, yaani maelekezo ya kazi zake, lakini haiyatumii yote kwa wakati mmoja. Ikikuta glukosi nyingi, huzima vinasaba vya kutumia vyakula vingine, na hata vingi vya kuunguza sukari kwa kutumia hewa, kisha hujikita katika kutengeneza kileo. Glukosi ikiisha, vinasaba hivyo huwashwa tena. Hapo hewa ikiingia, hamira huanza kula kileo ilichokitengeneza yenyewe. Ndiyo maana mtengenezaji mdogo hana budi kufunga vyombo vyake vizuri mvinyo ukishachachuka.

Kwa hiyo sukari ya tunda ndiyo kileo cha kesho. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya mchuzi hutoa asilimia 1 ya kileo. Mchuzi wenye gramu 204 utafikia asilimia 12. Wenye gramu 153 utaishia asilimia 9. Uzito wa zabibu unaweza kuwa sawa, lakini mali si moja.

Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya Machi na Aprili hukutana na mvua, na maji yakizidi, sukari huzimuka. Mkulima anayesubiri zabibu iive sawasawa hujiweka katika hatari ya ndege na kuoza. Kama analipwa kwa kilo tu, asubiri kwa faida gani?

Ushauri wangu ni kwamba vyama vya ushirika vinunue refraktometa, kifaa cha mkononi kinachopima sukari kwa tone la mchuzi bila umeme. Kipimo kifanyike mbele ya mkulima, na bei ipangwe kwa madaraja yanayotangazwa kabla ya mavuno. Mwenye zabibu tamu alipwe zaidi, na mwenye zabibu changa ajue sababu ya kupata kidogo.

Hamira haidanganywi na mizani. Mkulima naye asidanganywe.