Huo Mwezi wa Simu Yako Si Mwezi

Ile picha ya mwezi uliyoposti juzi, ile yenye mashimo yote kama vile umesimama kando yake, hukuipiga wewe. Wewe ulibonyeza tu.

Usinikasirikie bado. Machi 2023 kuna mtu alifanya jaribio rahisi sana. Alichukua picha ya mwezi kwenye mtandao, akaipunguza hadi pikseli 170 kwa 170, akaitia ukungu mpaka ikabaki doa jeupe. Akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa, akasimama mbali na kulipiga lile doa kwa simu ya Samsung Galaxy. Simu ikamrudishia mwezi wenye kreta na mabonde. Sasa hizo kreta zilitoka wapi, na kwenye skrini hakukuwa na hata moja? Kampuni yenyewe ilieleza: programu ya kamera imefunzwa kuutambua mwezi, na ikishautambua inauongezea undani. Yaani unaonyeshwa kile ambacho lenzi yako haikukiona.

"Na shida iko wapi, si mwezi ni ule ule?" Nimeulizwa hivyo na watu ninaowaheshimu kabisa. Hapana bana, si ule ule. Wakati mwingine uko kama kilomita 356,000 kutoka kwetu, wakati mwingine 406,000, na ukubwa wake angani unabadilika. Tena unayumbayumba kidogo, ndiyo maana tukijumlisha siku zote tunaona karibu asilimia 59 ya uso wake badala ya nusu kamili. Na hapa kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala chali kama mashua. Kwenye vitabu vya shule ulichorwa umesimama wima kama mabano. Miaka yote ya msingi nilichora mabano nikapata vema, na hakuna siku tuliambiwa tutoke nje jioni tuangalie. Chuo nacho kilinishinda mwaka wa tatu, karo ilikataa. Huo mwezi uliolala nilikuja kuuona vizuri nikiwa na kamera mkononi, na ndio maana nina hasira na kifaa kinachotaka kuniangalizia.

Kamera yangu ni ya mkono wa pili, nilinunua Luthuli Avenue pamoja na lenzi ya milimita 75-300. Ikielekezwa juu, lenzi inateleza yenyewe kurudi 75, kwa hivyo nimeifunga na rababendi. Ukivuta mpaka 300, mwezi unatua kwenye kihisi ukiwa na upana wa milimita 2.7 hivi, na kihisi chenyewe kina kimo cha kama milimita 15. Ni kitu kidogo sana. Ukingo mmoja unatoka na uzi wa zambarau ambao huko mwezini haupo. Sitajifanya ni picha kali.

Lakini ni yangu, na haikuhitaji laki tatu wanazokuambia kwenye yale magrupu ya mapicha. Kosa la kila mtu ni kuiachia kamera ijipimie mwanga: inaona anga jeusi, inadhani ni giza, inakupa taa ya barabarani. Huko juu ni mchana! Mwezi unamulikwa na jua lile lile linalotuchoma hapa. Mwezi mpevu anza na ISO 100, f/11, shata 1/100. Nusu mwezi unataka shata ipunguzwe kasi kidogo. Fokasi weka kwa mkono, ukikuza picha kwenye skrini. Taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise tripodi. Na achana na mwezi mpevu kwanza, hauna vivuli. Nusu mwezi ndio mtamu, pale mchana na usiku vinapokutana, kreta zimejaa kiza upande mmoja. Mimi hupiga juu ya ploti yetu, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji, na husubiri mpaka saa tatu usiku ili mabati ya majirani yapoe, maana joto lake linafanya mwezi utetemeke kama uko ndani ya maji.

Kuna wajuaji watasema kila kamera inabuni. Ni kweli, na hoja yao si ya kupuuzwa: kila pikseli ya kihisi changu inapima rangi moja tu, zile mbili zingine zinakisiwa kutoka kwa majirani zake. Lakini inakisia kutokana na mwanga ulioingia kwenye lenzi yangu usiku huo. Haiendi kuomba kreta kwa picha za watu wengine.

Mwaka jana kampuni fulani ilinitaka niwapigie mwezi nyuma ya KICC, kwa ajili ya bango. Hii kazi siri yake ni umbali. Ukikaribia, jengo linakuwa kubwa na mwezi unabaki punje. Nikapanda paa moja Kilimani, kama kilomita 4 kutoka mjini. Kutoka hapo mwezi unafunika upana wa mita 36 hivi pale jengo lilipo, na mnara una kimo cha mita 105, kwa hivyo unapata mwezi wa theluthi ya KICC, wa kweli, ukichomoza mwekundu kwenye vumbi la jioni. Nilirudi jioni mbili kabla ya mawingu kunihurumia.

"Mbona mdogo?" wakaniuliza. Wakanilipa nusu, wakamtafuta mtu akawabandikia mwingine mnene kuliko jengo. Kwenye bango lao mawingu yanapita nyuma ya mwezi. Nyuma! Wiki nzima nilipita hapo na matatu, nikiangalia nyuso za abiria kwenye dirisha, nikingoja mtu mmoja tu ashtuke.